Kucha za Mkono wa Kulia

Mjukuu wangu alipoanza kujifunza gitaa kwa mzee Mhispania wa Hjulsta, mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Mke wangu alijua tangu mwanzo. Binti yetu, mama wa huyo mjukuu, alijua pia, ingawa anaishi mbali, Märsta, na huondoka alfajiri kwenda kufanya usafi uwanja wa ndege. Mimi habari ilinifikia baada ya miezi mitatu, na hakuna aliyeniambia. Tulikuwa mezani nyumbani kwetu Tensta, huku Sweden, Jumamosi mchana. Nilikuwa nimefumba macho naombea chakula, nikasikia vidole vinagonga meza. Havikugonga ovyo. Viligonga, vikanyamaza, vikagonga tena, kana kwamba kulikuwa na wimbo mahali ambao sisi wengine hatuusikii. Nilisema amina mapema kuliko kawaida yangu, nikafumbua macho.

Alikuwa ni mjukuu wangu, mkono wake wa kulia bado uko juu ya meza. Kwenye mkono ule niliona kucha ndefu, zimepigwa msasa hadi zinang'aa. Za mkono wa kushoto zilikuwa fupi kama za mtoto wa shule.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

Akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote, kwamba ni flamenko, muziki wa gitaa wa Kihispania, na kwamba anajifunza kila Jumamosi asubuhi kwa mzee mmoja wa Hjulsta. Mke wangu akaendelea kupakua wali bila kuniangalia. Hapo ndipo nilipopiga hesabu. Kwa miezi mitatu nilikuwa namshukuru Mungu kwamba mjukuu wetu, msichana wa miaka ishirini, amekumbuka kuja kututembelea kila Jumamosi. Kumbe alikuwa anatoka Hjulsta, kituo kimoja tu mbele yetu. Kwetu alikuwa anapita kula.

Kwetu Tanzania mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na bibi humwita mke mwenza. Basi mke wangu akasema, "Mke mwenzangu amepata mwalimu. Wewe ulikuwa umelala."

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, kwa sababu utani una sheria zake, na mwenye kununa ndiye aliyeshindwa.

Inafaa nieleze kwa nini jambo lile lilinichoma. Nilikuwa mwinjilisti. Gitaa nilijifunza chuo cha Biblia, kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa na gitaa kavu lenye ufa. Alinifundisha kupiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada, nyama tupu bila ukucha. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, kama mtu anayetwanga, na kidole cha shahada kinaimba juu yake. Tulipotaka kupandisha sauti tulifunga penseli shingoni mwa gitaa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kwa mikono hiyo nimewaimbisha watu vijijini, misibani na harusini, na tulipohamia Sweden kumfuata binti yetu nilikuja na gitaa langu. Mpaka leo Jumapili mchana, Waswidi wakishamaliza ibada yao, sisi wa Kiswahili tunaingia kwenye ukumbi, watu wa Kongo na Burundi na Kenya na Uganda na sisi, kila mmoja na Kiswahili chake, na mimi ndiye ninayepiga.

Mjukuu wangu nilimpa gitaa akiwa na miaka saba. Nilimshika dole gumba lake nikalitembeza kwenye nyuzi mpaka likajua njia. Alipiga mwaka mmoja hivi, kisha akaliacha, akasema vidole vinauma. Sikumlazimisha. Lakini katika uzee wangu nilikuwa na ombi moja nililolirudia kila asubuhi, kwamba mtu mmoja wa damu yangu achukue kitu kutoka mkononi mwangu kabla mkono haujakauka. Binti yetu hapigi. Wajukuu wengine ni wa mpira. Nilikuwa namngojea huyu. Sasa aliyemchukua ni mtu mwingine.

Mengine niliyapata kwa mke wangu, kidogo kidogo. Kwamba yule mzee hakumruhusu kugusa gitaa kwa miezi mitatu. Alimfundisha kupiga makofi tu, pigo kumi na mbili, na mapigo fulani ndani yake yenye uzito, mpaka makofi yakawa yanatoka yenyewe hata mezani wakati wa sala. Jambo hili lilinisumbua kuliko yote. Mimi nilimpa gitaa siku ya kwanza, akalichoka. Yule alimnyima gitaa, akalipenda. Nilisikia pia kwamba anamwita maestro, yaani mwalimu, na kwamba amejifunza kuhesabu Kihispania mpaka kumi na mbili kwa lafudhi safi kabisa. Kwa Kiswahili alikuwa hajaniambia sentensi nzima tangu alipokuwa mdogo.

Nimehubiri juu ya wivu mara nyingi. Nilidhani naujua. Sikujua kwamba unakaa tumboni, chini kidogo ya mbavu, na kwamba asubuhi unaamka kabla yako. Nilikuwa nikipiga magoti kuomba, naukuta umeshafika.

Mimi ni mtu wa subira. Nilivumilia mwaka mzima bila kumtafuta yule mzee. Masika ya mwaka uliofuata, theluji ilipokwisha na kubaki ule mchanga wa barabarani unaolia chini ya viatu, nikamwambia mke wangu kwamba si adabu mtu akufundishie mtoto mwaka mzima na wewe hujaenda kumshukuru. Nikamwomba anikaangie maandazi.

Akaniuliza, "Unakwenda kushukuru au kupeleleza?"

Nikamwambia nakwenda kushukuru. Akakaanga, lakini alipokuwa anafunga chombo alisema, "Mpelelezi mwenye maandazi."

Nilikwenda kwa miguu. Mzee alikuwa anakaa ghorofa ya tatu, nyumba ndogo inayonukia kahawa na mafuta ya zeituni. Alikuwa mfupi, mwembamba, umri wake unazidi wangu kwa miaka kumi hivi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka hata ukiwa juu ya goti. Kiswidi chetu kilikuwa cha watu wawili waliokiokota kazini. Mimi nilikiokota kwenye ufagio, katika kazi ya usafi, yeye kwenye usukani, kwa sababu mchana aliendesha basi miaka yote na jioni alipiga gitaa mikahawani. Tuligundua kwamba kwa muda mrefu aliendesha basi la Spånga, ambalo mimi nililipanda karibu kila siku. Huenda nilimsalimia mara elfu.

Nilimpa maandazi nikashukuru kwa niaba ya ukoo. Alipokea kwa mikono miwili, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikitika kwamba ana adabu.

Nikamwomba apige kidogo. Akasema mkono haufai tena, labda dakika mbili. Kabla ya kugusa gitaa alifungua kisanduku cha bati kilichokuwa na tupa ndogo, vipande vya msasa na gundi, akaketi akapiga msasa kucha za mkono wa kulia, moja baada ya nyingine, akizijaribu kwenye mdomo wa chini. Alifanya kwa utulivu ule ambao mchungaji huwa nao anapovaa joho. Akaniambia kwamba kwao sauti haimo ndani ya gitaa, imo kwenye ukucha, na kwamba mwanafunzi asiyetunza kucha hana haja ya kuja. Ukucha ukikatika, mtu hungoja miezi minne. Nilimsikia vizuri. Naeleza hivi ili baadaye nisijitetee kwamba sikujua.

Kisha akapiga. Nilikwenda nikitumaini kusikia kelele za baa. Zile dakika mbili hazikuwa kelele. Mkono wa kushoto ulitetemeka mpaka ulipogusa nyuzi, halafu ukatulia, kama mtoto anayelia akishikwa na mama yake. Kulikuwa na mahali alipozikwangua nyuzi kwa kucha zote, kikaja kitu kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu kimya, halafu noti moja peke yake. Mimi nikiwa nimekaa pale na kikombe cha kahawa nilitamani uzi ukatike. Nilitamani kweli, kama mtu anayeomba. Haukukatika.

Alinipa gitaa lake nami nipige. Nikapiga wimbo wa kanisani, wa taratibu. Alisikiliza kichwa amekiinamisha, halafu akaomba nirudie, halafu akaomba nirudie tena sehemu ya dole gumba tu. Hakusifu. Alisema, "Halisimami." Nikasema ndiyo, halisimami. Basi, tukanywa kahawa.

Nilirudi nyumbani na wivu mkubwa kuliko niliokwenda nao. Mtu akiwa mbaya unaweza kumsamehe. Huyu hakuwa na la kusamehewa.

Wiki mbili baadaye, mwezi wa Mei, ilikuwa zamu yangu kutoa neno katika ibada yetu. Nilikuwa nimeandaa somo juu ya mikono: mikono ya kazi, mikono ya kusaidia jirani, mikono iliyoinuliwa. Mjukuu wangu alikuwa ameketi safu ya tatu na bibi yake. Alikuja na furaha, kwa sababu siku iliyotangulia mzee alikuwa amempa habari. Kila mwaka mwezi wa Juni wanafunzi wake hupiga mbele za watu kwenye ukumbi wa maktaba, na kipande cha kwanza hukipiga mzee mwenyewe. Mwaka huu mkono umemshinda. Kipande cha kwanza angekipiga mjukuu wangu. Alitueleza hayo Jumamosi mezani, na alipotamka neno maestro uso wake ulikuwa na nuru ambayo mimi sikuwahi kuiwasha.

Nikiwa katikati ya somo nilimwona amepitisha vidole vya kulia kwenye nywele zake, na kucha zikapata mwanga wa dirishani. Yaliyofuata hayakuwa kwenye karatasi yangu.

"Na siku hizi," nikasema, "utamwona binti ana mkono mmoja wa kazi, na mkono mmoja wa maonyesho."

Sikutaja jina. Sisi watu wa pwani na wa bara tunajua kwamba kijembe hakihitaji jina. Akina mama walicheka kidogo, kisha vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kuelekea safu ya tatu, kutafuta mikono. Mjukuu wangu aliuvuta mkono wa koti mpaka ukafunika vidole. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba Kiswahili anakielewa chote.

Baada ya ibada mama mmoja wa Kongo alinishika mkono akasema, "Papa, leo umesema kweli tupu." Nikaitikia amina. Mpaka leo amina ile inanirudia.

Tulikwenda nyumbani kula. Mjukuu wangu hakula. Aliingia bafuni, akakaa kidogo, akatoka akavaa viatu, akasimama mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake:

"Nimekata, babu. Mikono yote ni ya kazi sasa."

Akaondoka kwenda kwao Märsta. Sentensi niliyoingoja miaka yote, nikaipata hivyo.

Mke wangu aliingia bafuni akatoka na karatasi laini ameikunja. Alikwenda kwenye meza ninaposomea, akaiweka juu ya Biblia yangu. Ndani yake kulikuwa na vipande vitano vya kucha.

"Haya, mhubiri," akasema. "Sadaka ya leo hii hapa."

Akarudi jikoni, akafunga mlango.

Ningependa kuandika kwamba nilijuta papo hapo. Kitu cha kwanza nilichokihisi, nikiwa nimekaa mbele ya ile karatasi, kilikuwa furaha. Nilipiga hesabu ya miezi minne nikaona Juni haiwezekani. Kipande cha kwanza atapewa mwingine, na yule mzee atamwona mwanafunzi asiyetunza kucha, na mwanafunzi kama huyo hana haja ya kuja. Mjukuu wangu atabaki na Jumamosi zake, na mimi niko hapa kituo kimoja nyuma. Hayo yote niliyafikiri na Biblia iko chini ya karatasi. Furaha hiyo ilikaa kama muda wa kunywa chai. Kisha nikajaribu kuomba, nikashindwa kupata neno la kuanzia. Nimeomba tangu nikiwa mtoto, kwenye homa, kwenye misiba, kwenye ndege. Sijawahi kukosa neno la kuanzia.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Hjulsta, safari hii bila maandazi. Mzee alinifungulia akiwa na kikombe mkononi, kahawa inamwagika kwenye kisahani kwa mtetemo. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama. Nilimwambia kwamba mjukuu wangu amekata kucha zake, kwamba nilimsema mbele za watu, na kwamba nilijua ninachofanya.

Akauliza kwa nini.

Kiswidi changu hakina maneno mengi ya moyo. Nikasema, "Kwa sababu anakuja kwako."

Alikasirika. Sitaficha. Aliweka kikombe chini, akasema maneno kadhaa ya kwao ambayo sikuyaelewa na nikashukuru. Akaenda dirishani akanigeuzia mgongo. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu, na miaka yangu sabini na moja. Aliporudi alivuta mtoto wa meza, akatoa mpira mdogo mweupe wa tenisi ya mezani, akauweka kiganjani mwangu.

Nilidhani ananifukuza kwa mzaha. Kumbe ndiyo dawa. Alisema gitaa haliwezi kungoja miezi minne kila ukucha unapovunjika, watu wangekufa njaa. Mpira ule hukatwa vipande, kipande hupigwa msasa kufuata umbo la ukucha, kikabandikwa kwa gundi. Mviringo wa mpira unafanana na mviringo wa ukucha. Alichukua mkasi anionyeshe. Mkasi ulifika kwenye mpira ukaanza kucheza, ukateleza, ukakwangua meza. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliuweka chini, akausukuma kwangu bila kuniangalia usoni.

"Kata wewe. Wewe uliharibu."

Nikakata. Ukucha wa kwanza ulitoka mpana kama kijiko. Aliutazama akautupa sakafuni. Wa pili akautupa. Wa tatu alinirudishia akasema pembe, pembe, na akanipiga kidole kwa tupa, si kwa nguvu. Tulikaa mpaka adhuhuri. Kila nilipomaliza mmoja aliujaribu kwenye mdomo wake wa chini akiwa amefumba macho. Mikono yangu ya usafi na ya gitaa bado imetulia, namshukuru Mungu. Nilimwona akiitazama ilivyotulia. Alikuwa na macho ambayo nayafahamu, kwa sababu asubuhi hukutana nayo kwenye kioo. Nikachukua kipande kingine.

Nilirudi na kucha tano kwenye kibati cha pipi za kikohozi, na mpira mzima wa akiba. Nikamwonyesha mke wangu, nikidhani nimeshamaliza.

"Ulimsema mbele za watu," akasema. "Utamrudishia heshima yake chumbani?"

Basi Jumapili iliyofuata, kabla ya wimbo wa kwanza, nikasimama. Mjukuu wangu hakuwa ametaka kuja. Bibi yake alimpigia simu, sijui alimwambia nini. Aliketi safu ya mwisho, karibu na mlango. Nikawaambia watu kwamba wiki iliyopita nilichukua neno la Mungu nikalifanya fimbo ya kwangu.

"Kucha zile hazikuwa pambo. Ni chombo cha kazi, kama nyuzi za gitaa hili. Nilijua, na nilisema. Naomba msamaha kwake, mbele yenu."

Yule mama wa Kongo akanyoosha kidole kama yuko darasani, akasema, "Papa, na mimi niliyekwenda nyumbani nikafuta rangi ya kucha zangu yote, nani atanirudishia?" Watu wakacheka, na nikaona safu ya mwisho mtu mmoja naye anacheka, kichwa chini.

Nilimkabidhi kibati nje, kwenye ngazi. Alikifungua akazigeuza moja moja. Akaniuliza, kwa Kiswidi, nani amezikata. Nikasema mimi. Akasema pembe za kidole cha kati si nzuri. Nikasema najua, mwalimu wako ameshaniambia.

Jumamosi ya onyesho, mwezi wa Juni, nilimbandikia kucha mwenyewe, katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa maktaba. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya goti langu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo anapotolewa mwiba. Mkono wa mtu mzima. Mzee alisimama kando akihesabu sekunde za gundi kukauka. Halafu tukaenda kuketi, mimi, mke wangu na binti yetu aliyetoka kazini moja kwa moja na sare yake.

Mjukuu wangu alipokuwa tayari kuanza aliinua macho. Nilijua atamtafuta nani, lakini nilitazama hata hivyo. Alimtazama mzee. Mzee alishusha kidevu kidogo, naye mjukuu wangu akaanza. Na mimi, niliyeomba msamaha mbele ya kanisa zima, niliyekata kucha zile kwa mikono yangu, nilisikia kile kitu chini ya mbavu kikigeuka ubavu. Hakikuwa kimekwenda popote.

Alipiga vizuri. Sina maneno ya flamenko, kwa hiyo nasema hivyo tu. Katikati ya kipande nikaona kitu cheupe kinaruka, kikagonga sakafu na kubingirika. Ulikuwa ukucha wa dole gumba. Mke wangu alinikamata mkono. Nilichofikiri kwanza ni aibu, kwamba kazi yangu imeanguka mbele za watu. Mjukuu wangu hakusimama. Dole gumba liliendelea kwenye nyuzi nene, nyama tupu, na sauti ikabadilika, ikawa nzito, ya chini, kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Halikusimama mpaka mwisho. Mzee aligeuza shingo akanitazama kupitia vichwa vya watu wote.

Baada ya makofi mzee alinipita akaniambia maneno mawili tu: "Gundi kidogo." Nilikubali kosa. Mjukuu wangu nilimuuliza baadaye, tukiwa tunakunywa kahawa ya maktaba, kama ukucha ulipoanguka alikumbuka nilivyomfundisha alipokuwa na miaka saba. Nilitaka sana aseme ndiyo. Alifikiri kwa uaminifu, akasema hapakuwa na muda wa kumkumbuka mtu yeyote.

Mwezi wa Agosti alianza kazi kwenye nyumba ya wazee, huko Märsta. Anawaogesha, anawalisha. Kucha ndefu haziruhusiwi, wala haifai, ngozi ya wazee ni laini. Kwa hiyo sasa zake za kuzaliwa ni fupi mikono yote miwili, na za flamenko nazikata mimi. Jumamosi asubuhi anapita kwetu kwanza, kabla ya Hjulsta. Jumapili jioni anazitoa. Mpira mmoja wa tenisi ya mezani unatosha wiki kadhaa ukijua kukata.

Wivu sijaumaliza. Namwomba Mungu, na nimejifunza kungoja hata jibu la ombi hilo. Kila Jumamosi anapochukua begi la gitaa na kuelekea kituoni, nasimama dirishani mpaka apotee nyuma ya majengo, na mke wangu ananiuliza kama mke mwenzake amefika salama kwa mume wa pili.

Lakini kabla ya hapo anakaa mezani, anaweka mkono wa kulia juu ya taulo. Nabandika kidole cha shahada, cha kati, cha pete, na kile kidogo. Ile Jumamosi ya kwanza ya Agosti nilikuwa nimekata kucha tano. Nilipofika kwenye dole gumba, na gundi tayari iko ncha ya kijiti, aliuvuta mkono.

"Hilo liache, babu," akasema.

Kwa Kiswahili.